Labirinti: jengo kwanza, mkanganyiko baadaye

Je, neno labirinti lilianza na maana ya "jambo lenye utata"? Hapana. Kwa Wagiriki wa kale labirinti lilikuwa jengo la njia za kutatanisha: lile la Knossos kisiwani Krete, ambamo hekaya inasema Minotauro, kiumbe nusu mtu nusu fahali, alifungiwa, na pia jengo kubwa la Misri kando ya piramidi ya farao Amenemhat III huko Hawara, Fayum. Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 5 KK, alilisifu hilo la Misri kuliko hata piramidi, akitaja vyumba 3,000, nusu yake chini ya ardhi.

Lakini maana hiyo ya utata nayo ni kongwe. Mwanafalsafa Plato, katika kitabu chake Euthydemus, analitumia neno hilo kwa mjadala ambao washiriki wake walidhani wamefika mwisho, kumbe wamerudi walipoanzia. Kesi au hoja isiyo na pa kutokea inaitwa hivyo mpaka leo, na madaktari wanaliita hivyo sikio la ndani kwa mizunguko yake.

Ajabu ni kwamba labirinti nyingi zilizochorwa zamani, hata kwenye sarafu za Knossos, zina njia moja tu, isiyo na njia panda. Humo hupotei!

Kulihusisha neno na labrys, shoka la makali mawili, ni dhana tu, haijathibitishwa.