Ukitaka kubishana kuhusu umbo la dunia, tafuta mpira wa fundi

Bustani ya Jeevanjee jijini Nairobi, saa ya chakula cha mchana, haikosi mada. Siasa ndiyo hutangulia, lakini siku ambazo wanasiasa wametulia (si nyingi) kuna jamaa atakayesimama na kuuliza: ni nani hapa aliyeiona dunia ikiwa mviringo kwa macho yake mwenyewe? Basi benchi zinajaa. Nimebishana na watu wa dunia bapa pale kwa miaka, baadhi yao ni marafiki zangu wa dhati, na kama nawe una shemeji aliyelewa video za usiku wa manane, huenda haya yakakufaa.

Picha za NASA, shirika la anga la Marekani, ziache mfukoni. Ni za kweli, lakini mwenzako alishaamua zamani kwamba zimetengenezwa, na kila utakayomwonyesha ataihesabu kuwa sehemu ya njama. Hata fahari yetu ya Malindi haitakuokoa. Setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini kule, tarehe 12 Disemba 1970, siku ya sikukuu yetu ya Jamhuri. Ukimtajia hilo atakuuliza kama ulikuwepo. Na akianza na Maandiko, pembe nne za dunia na kadhalika, usimfuate huko. Mtakesha.

La pili litawaudhi watu wa upande wangu. Acheni beseni la Nanyuki. Wengi mmeiona ile shoo kwenye kibao cha ikweta: kijana ana beseni lenye tundu, anatembea hatua kadhaa kaskazini, maji yanazunguka huku yakitoka, anarudi kusini, yanazunguka kinyume, anasimama kwenye mstari, yanashuka tuli. Watalii wanapiga makofi, na kijana anapata riziki yake, simwonei kijicho. Ila maji yale yanazunguka jinsi alivyoyamimina na jinsi alivyogeuka na beseni mkononi. Nguvu ya Coriolis, ile itokanayo na dunia kujizungusha, ipo kweli, ndiyo inayozungusha vimbunga vikubwa baharini, lakini kwenye ikweta ni sifuri, na hatua ishirini kutoka hapo ni kama haipo. Haiwezi kusukuma maji ya beseni. Nimemwona kijana wa bodaboda akiuvunja ushahidi huo mbele ya watu kwa swali moja tu: "Mbona usiliache beseni litulie kwanza?" Kuanzia hapo hata hoja nzuri za mwenzake hazikusikilizwa tena.

Ninachopendekeza ni hiki. Kabla ya kutoa ushahidi wowote, mwombe mwenzako achore dunia yake kwenye karatasi na aandike namba. Kama ni mkubwa kwako, mwite mzee, mpe kalamu, mwache aseme mpaka amalize. Wengi huchora duara bapa, ncha ya kaskazini katikati, ikweta ikiwa duara la ndani, barafu ikizunguka ukingoni, na jua likitembea juu kwa kimo cha kilomita 5,000 hivi. Kutoka ncha ya kaskazini hadi ikweta ni kilomita 10,000, na hilo wengi wao hawalipingi. Mchoro ukishakamilika, usimwambie amekosea. Mwulize mchoro wake unasema jua la Nairobi litazama wapi tarehe 21 Machi au 23 Septemba.

Siku hizo jua huwa juu ya ikweta, nasi tuko digrii moja na ushei tu kusini yake. Saa kumi na mbili na nusu jioni, kwenye mchoro wake, jua limesogea robo ya duara la ikweta kutoka lilipokuwa adhuhuri. Weka rula kutoka Nairobi hadi pale. Inaelekea kaskazini-magharibi, katikati kabisa, si magharibi. Umbali ni kama kilomita 14,000, na kwa kimo cha kilomita 5,000 jua linapaswa bado kuwa digrii 20 hivi juu ya upeo. Nyosha mkono, kunja ngumi, weka na nyingine juu yake: hapo ndipo lingeonekana, tena likiwa limesinyaa kwa kuwa limekwenda mbali. Sasa pandeni wote kwenye paa lolote la mji huu jioni hiyo mkiwa na dira. Linazama magharibi hasa, likiwa na upana uleule wa mchana, na linakatwa kuanzia chini. Hakuna haja ya kumwamini mtu yeyote.

Mlima Kilimanjaro ndio ninaoupenda zaidi, kwa sababu wao ndio huuleta. Wanasema: kama dunia imepinda, mbona asubuhi yenye anga safi tunauona kutoka Nairobi, umbali wa kilomita 200? Swali zuri, na usilikwepe. Kilele kina mita 5,895. Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi. Dunia ikiwa bapa, kilele kinatupita kwa mita 4,200. Ikiwa mviringo, kwa umbali huo mpindo unazamisha zaidi ya mita 3,000, kisha hewa inaupinda mwanga kidogo na kuturudishia mia kadhaa, kwa hiyo tunabakiwa na kama mita 1,300 juu ya usawa wa macho. Pande zote mbili zinakubali kwamba mlima utaonekana. Tofauti ni kiasi gani.

Hapo ndipo anapoingia fundi wa mjengo na ule mpira wake mwembamba unaoonyesha maji ndani, anaoutumia kupata usawa wa kuta. Fungeni ncha mbili za mpira kwenye nguzo mbili juu ya paa, moja ikiwa upande wa mlima, tazameni kwa kupitia usawa wa maji yote mawili, nanyi mna mstari ulionyooka usiotoka kwenye kitabu cha mtu. Kidole cha mwisho, mkono ukiwa umenyooshwa, hufunika karibu digrii moja. Kwa dunia bapa kilele kingepita mstari wa maji kwa zaidi ya upana wa kidole hicho. Kwa dunia mviringo ni kama theluthi yake. Kibo, kilele chenyewe, huonekana kama ukucha mweupe umelala chini kabisa, na kila aliyeutazama kutoka Nairobi anajua hivyo hata kabla ya kupima.

Kupatwa kwa mwezi ni ushahidi mzuri vilevile, na usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 sisi tuliona kivuli chenye ukingo wa mviringo kikiumeza mwezi wote. Kasoro yake ni kwamba watakuambia sahani nayo ina kivuli cha mviringo, na itabidi ueleze kwa nini kivuli hakigeuki kuwa mstari mwezi unapopatwa ukiwa karibu na upeo. Meli za Mombasa, zinazotoweka kuanzia chini zikienda mbali, zina shida ya namna hiyo: mtashinda kutwa mkibishana kuhusu kamera.

Usitarajie mtu abadilike papo hapo. Disemba 2024 mchungaji Mmarekani, Will Duffy, aliwapeleka watu wa pande zote mbili Antaktika kuangalia kama jua hukaa angani saa 24, jambo ambalo mchoro wa dunia bapa hauliwezi. Lilikaa. Jeran Campanella, mmoja wa watetezi maarufu wa dunia bapa, alikiri mbele ya kamera kwamba kuhusu jua hilo alikosea. Baadhi ya wenzake wakasema video ilitengenezwa studio. Pale Jeevanjee mimi huongea zaidi kwa ajili ya wanaosikiliza kimya huku wakila mahindi ya kuchoma, maana hao bado hawajaahidi kitu kwa yeyote.

Mwenzako akisema mwanga ndio unaopinda, kubali, kisha mwombe aandike unapinda kiasi gani, na kama kiasi hicho kinatosha kwa mlima na kwa jua pamoja. Na Julai msijaribu vipimo hivi kabisa. Mawingu ya baridi hukaa juu ya Nairobi wiki nzima na mtarudi bila jibu. Kwa mlima, Januari na Februari alfajiri ni bora. Kwa jua, Septemba ina nafuu kuliko Machi, kwa sababu Machi mvua hutangulia kufika.