Bosi kanikata elfu 60 kwa shoti ya kaunta, ni halali?

Pole dada. Umesema shoti, yaani pesa iliyopungua kwenye droo, ilikuwa elfu 60, bosi kaikata yote kwenye mshahara wa laki mbili, na kila ukichelewa unapigwa faini ya elfu 5, kama tangazo la bosi ukutani linavyosema.

Hiyo faini ya kuchelewa haina miguu. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 kinakataza makato yasiyoruhusiwa na sheria, makubaliano ya pamoja na chama cha wafanyakazi, amri ya mahakama au tuzo ya mwamuzi wa migogoro. Tangazo la kalamu ya maka ukutani siyo sheria.

Shoti ni habari nyingine. Anaweza kukata, ila uwe umekubali kwa maandishi, kosa liwe lako, akupe hesabu kwa maandishi na nafasi ya kuipinga. Tena asizidishe robo ya mshahara, yaani elfu 50 kwako. Kama droo moja mnashika watatu, kosa lako amelijuaje?

Mwandikie kwanza, ubaki na nakala. Akikaza shingo, nenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi) ndani ya siku 60, ujaze fomu namba 1. Salary slip usitupe, na lile tangazo lipige picha kabla halijabanduliwa.