Umebadilisha nywila, mwizi bado yumo ndani

Wadogo zangu mnaokabidhiwa Microsoft 365 au Google Workspace, yaani barua pepe na mafaili ya kampuni nzima, kila wanapoingia wapya kosa ni lile lile. Mhasibu anapiga simu: kuna barua zimetoka kwenye akaunti yake na hakuziandika yeye. Kijana anabadilisha nywila, anamwambia "tayari dada, endelea na kazi", anafunga tiketi. Siku kadhaa baadaye malipo ya msambazaji yameingia kwenye akaunti ya tapeli. Nawapenda, ndiyo maana nasema kwa ukali kidogo.

1. Akaunti ya adimini mkuu isiwe ile unayosomea barua. Microsoft wanashauri maadimini wakuu wasifike watano, pamoja na akaunti mbili za dharura. Hizo zilindeni kwa ufunguo wa USB, kifaa kidogo cha kuthibitishia kuingia, unaokaa kwenye sefu, si kwa simu ya mtu anayeweza kuacha kazi kesho.

2. Uthibitisho wa hatua mbili ni kwa wote, na mkurugenzi awe wa kwanza. Msimwonee haya. SMS ni afadhali kuliko kukosa kabisa, lakini tapeli akifanikiwa kuhamishia laini ya mtu kwenye kadi yake ya SIM, namba zote za uthibitisho zinakwenda kwake. Wahasibu na maadimini wapewe ufunguo wa USB.

3. Sasa lile la nywila. Hapa kaeni chini, maana hata sisi tuliotangulia tulilipia somo hili.

Mwizi wa siku hizi hakisii nywila. Anatuma linki ya ukurasa unaofanana na wa Microsoft, naye anakaa katikati. Mhasibu anaandika nywila, anathibitisha kwenye simu, na vyote vinapitishwa papo hapo hadi Microsoft wa kweli. Kinachorudi ni kidakuzi cha kuingilia (cookie), alama inayoiambia Microsoft kwamba mtu huyu ameshathibitishwa, na hicho ndicho mwizi anachokitaka. Anakiweka kwenye kivinjari chake na yumo ndani, hatua mbili zenu zikiwa zimekwisha kupitwa.

Akishaingia hana haraka. Anasoma. Anatafuta "invoice", "payment", "bank". Anamkuta msambazaji wa nje mnayemlipa kila mwezi, anajifunza salamu zake na tarehe zake. Kisha anasajili kikoa, yaani jina la baada ya @, kinachofanana na cha msambazaji, herufi m ikiwa imegeuzwa r na n zilizoshikana. Kwenye skrini ya simu huioni tofauti. Ndani ya kikasha cha mhasibu anaweka kanuni moja (rule), agizo la kupanga barua zenyewe. Ifungueni muitazame: jina lake ni nukta tu, na inasema kila barua ya msambazaji yule ihesabiwe imesomwa na ihamishiwe folda ya RSS Feeds. Nani amewahi kufungua folda hiyo? Msambazaji anauliza mbona hela haijafika, anauliza tena, na maswali yote yanalala huko. Mhasibu anajibu barua za msambazaji wa bandia, ambaye "amebadilisha benki".

Nywila mpya haigusi kanuni hiyo. Haiondoi simu ambayo mwizi ameisajili kama njia yake ya uthibitisho. Haifuti programu aliyoipa ruhusa ya kusoma barua. Hata tokeni, kibali cha muda cha kuingilia, aliyokwisha kupewa inaweza kuishi saa moja na zaidi.

Kwa hiyo fuateni mpangilio huu. Kwanza zuia akaunti isiingie. Futa vipindi vyote vilivyo wazi (sessions), yaani kila kifaa kilichoingia kitoke. Weka nywila mpya, umpe mhasibu kwa simu au ana kwa ana, kamwe si kwa barua pepe. Kagua njia za uthibitisho, uondoe kila namba na kifaa asichokitambua. Kanuni za kikasha zitazame kwa PowerShell, dirisha la kuandikia amri, kwa amri ya Get-InboxRule ikiwa na -IncludeHidden, kwa sababu zipo zisizoonekana kwenye Outlook. Kwenye Get-Mailbox angalia ForwardingSmtpAddress, anwani ambako barua zinapelekwa kimya kimya. Kagua programu zilizoruhusiwa na watu waliopewa haki ya kufungua kikasha. Pakua kumbukumbu za ukaguzi mapema. Kwa leseni za kawaida zinakaa siku 180. Baada ya hapo ndipo ufungue akaunti. Tafuta pia linki ile ile kwenye vikasha vya wengine, maana mara nyingi haikutumwa kwa mmoja.

Wakati wewe unafanya hayo, mtu mwingine awe kwenye simu na benki. Hela iliyotoka asubuhi huenda bado inazuilika mchana. Kenya, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inatoa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data pale data binafsi zikivuja na kuna hatari ya kweli kwa wenyewe. Na kuanzia siku hiyo, namba yoyote mpya ya benki ithibitishwe kwa kupiga simu kwa namba ya zamani mliyo nayo, si ile iliyoandikwa kwenye barua.

4. Linki za kushirikisha mafaili za "yeyote mwenye linki" zizimwe, au zipewe ukomo wa siku 30.

5. Mfanyakazi akiondoka, msifute akaunti siku hiyo. Zuia kuingia, futa vipindi, geuza kikasha kiwe cha pamoja; hakihitaji leseni mpaka GB 50. Ukifuta, Microsoft inakupa siku 30 za kuirudisha, Google 20 tu. Na magrupu ya WhatsApp? Kampuni nyingi zetu bei na mikataba inapita huko, mtu ameondoka Machi na Juni bado anasoma. Kumtoa kwenye grupu hakufuti alichokwisha kupakua, basi mafaili ya wateja yahamieni Teams au Drive mapema.

6. DMARC, agizo la kikoa chenu linaloambia wapokeaji wafanye nini na barua zinazojifanya zimetoka kwenu, anzeni na p=none (tazama tu), msome ripoti wiki kadhaa, ndipo quarantine (weka kwenye taka), ndipo reject (kataa). Mkiruka moja kwa moja, barua halali, kwa mfano za mfumo wa mishahara, zinaweza kukataliwa. SPF, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu, nayo ina kikomo cha maulizo 10 ya DNS, daftari la majina ya intaneti. Kila huduma ya masoko mnayoiongeza inakula kadhaa, na likizidi la kumi ukaguzi wa SPF unashindwa kwa barua zenu halali pia.