Kitalemea, lakini kisomeni

Dada, umeuliza kama kitabu Shuggie Bain cha Douglas Stuart, kilichoshinda tuzo ya riwaya ya Booker mwaka 2020, kitawalemea wenzenu wa kundi la kusoma. Kitawalemea, lakini kisomeni. Sisi tulikijadili barazani Mji wa Kale, kahawa ikatupoea vikombeni. Ni Glasgow, Uskoti, ya miaka ya 1980: migodi imefungwa, mama mmoja, Agnes, kazama kwenye pombe, na mwanawe mdogo, Shuggie, ndiye anayemlea. Kuna pahala mtoto anacheza dansi, mara aona watoto wa jirani wanamcheka dirishani. Mamake anamwambia aendelee kucheza. Hapo mwenzetu mmoja, mtu mzima, alifunga kitabu akajifuta machozi kwa pindo la leso. Alimuuguza kakake mlevi miaka mingi. Msimharakishe mtu kusema. Huyo wetu alisema mwisho kabisa, tukamsikiliza hadi adhana ya magharibi.