Umetoka Dom kwenda kutafuta ndege wa rangi msituni? Soma hii kabla hujapanda treni

Sisi tuliokulia Dodoma macho yetu yamezoea ndege wasiojificha. Toka tu kidogo nje ya mji, njia ya Kondoa, unakuta yule mwenye kifua cha zambarau na mabawa ya bluu kakaa juu ya waya wa umeme anakutazama. Kwenzi wa bluu wenye tumbo la rangi ya kutu wanakuja mpaka miguuni kwa mama ntilie kuokota punje za wali. Na wale kasuku wadogo wa kijani, kichwa cheusi, kola ya njano, wanaoingia kwenye matundu ya mibuyu, hao ni wa kwetu kabisa, porini asili yao ni Tanzania tu, huko kwingine duniani walifika kwa kufugwa kwenye vizimba.

Sasa mtu anajipigia hesabu, kama huku kwenye ukame kuna rangi hivi, msituni kwenye mvua itakuwaje? Tangu treni ya SGR ianze 2024 Morogoro imekuwa karibu, kwa hiyo anashuka pale, anapanda milima ya Uluguru, anatembea kutwa nzima, afu anarudi kachoka na picha za majani. Anasema ndege hamna, kuna makelele tu. Nimeshapanda na watu wa aina hiyo, na cha kwanza ninachowaambia ni kwamba hayo makelele ndo ndege wenyewe.

Msituni rangi haifanyi kazi kama huku nyikani. Chini ya miti mikubwa kuna kagiza hata saa sita mchana, halafu kijani kikikaa ndani ya kijani kinapotea. Mchukulie ndege anayeitwa shorobo, yule wa aina ya Livingstone anayepatikana milima ya Uluguru na Udzungwa. Mwili kijani, kishungi kirefu chenye ncha nyeupe, na hapendi kuruka ovyo, anakimbia juu ya matawi kama kindi. Akitulia hata umuoneshwe kwa kidole humuoni. Ila akiruka kutoka mti mmoja kwenda mwingine mabawa yanafunguka na ni mekundu, jamani, mekundu haswa! Ule wekundu ndani yake una madini ya shaba, kweli kabisa, rangi yenye shaba ambayo ni ya ndege wa ukoo huo. Chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, naye ni kinyume, rangi zake zile za kung'aa zinatokana na jinsi manyoya yanavyorudisha mwanga, kwa hiyo akiwa kivulini utaapa ni mweusi, subiri aguswe na jua.

Kwa hiyo acha kutembea. Hii ndo siri yote na watu hawaipendi kwa sababu wamelipa kiingilio na wanataka kufika kileleni. Tafuta mkuyu wenye matunda yaliyoiva, utaujua kwa kuangalia chini, matunda yamedondoka na mengine yamedonolewa nusu, kaa pembeni mbali kidogo, kimya, simu mfukoni. Nusu saa ya kwanza hamna kitu. Afu wanaanza kuja wenyewe, mashorobo, njiwa, na hondohondo wakubwa ambao utawasikia kabla hujawaona, mabawa yao yanavuma hewani. Hao hondohondo wana mambo yao, jike akitaka kutaga anaingia kwenye tundu la mti na mlango unazibwa, unabaki ufa mwembamba tu, na dume ndo anamletea chakula humo ndani muda wote. Ukigundua tundu la namna hiyo ondoka pale chini, ukisimama kupiga picha dume ataogopa kusogea na familia nzima inalala njaa kwa ajili ya posti yako.

Kuna mwingine anaitwa trogoni wa Narina, mgongo kijani, tumbo jekundu. Tatizo lake anapenda kukaa wima ametulia kakupa mgongo, yaani ule upande wa kijani, utafikiri anajua umefuata nini. Msikilize, ana mlio mzito wa chini unaorudiwa rudiwa, ukiusikia simama hapo hapo uanze kukagua matawi ya katikati, sio ya juu kabisa, taratibu moja moja.

Ukikuta siafu wanavuka njia usiwakimbie mbali sana (wakwepe lakini, wakipanda kwenye suruali utacheza ngoma usiyoijua). Wadudu wanaotimuliwa na siafu ni karamu kwa ndege wa chini ya msitu, kwa hiyo wanashuka na kusogea karibu kuliko kawaida. Na asubuhi mapema ndo muda wake, ikifika saa tano msitu unanyamaza, wewe kula mihogo yako ulale.

Wapi pa kwenda? Uluguru ni rahisi kufika, ipo chini ya TFS, wale wakala wa misitu wa serikali, na kuna ndege pale, mbwigu fulani mwenye kofia nyeusi, mgongo kijani na tumbo la njano, ambaye haishi popote pengine duniani. Ila anakaa juu sana kwenye majani, mgeni asijipe matumaini. Mimi ningempeleka mtu wa mara ya kwanza Udzungwa, ni hifadhi ya taifa ya TANAPA, unashika basi la Ifakara kutoka Morogoro unashukia Mang'ula. Uzuri wake msitu unaanzia chini mita mia mbili na kitu mpaka zaidi ya 2,500 bila kukatika, na wapo ndege wanaoshuka kutoka juu miezi ya baridi, Juni mpaka Agosti. Ndo milima hiyohiyo ya Udzungwa ambako mwaka 1991 watafiti walishtukia miguu ya ndege wasiyemfahamu ndani ya sufuria kambini, kumbe ni kwale ambaye sayansi ilikuwa haimjui kabisa! Ndugu yake akaja kujulikana baadaye milima ya Rubeho, ambayo upande mmoja ipo Mpwapwa, mkoa wetu huu huu tunaouita jangwa. Pepo za Bahari ya Hindi zikipanda hiyo milima zinamwaga mvua upande wa mashariki, sisi nyuma tunabaki na upepo na vumbi.

Jambo moja linaniudhi. Watu wanapakua sauti za ndege, wanapiga kwenye spika ili ndege aje. Anakuja kweli, kwa sababu anadhani kuna mvamizi, anaacha kiota, anapoteza nguvu kugombana na simu yako. Mchukue kijana wa pale pale anayeujua msitu, mlipe vizuri, anajua mkuyu gani una matunda wiki hiyo na hiyo hakuna aplikesheni itakuambia.

Na kama hela inatosha kitu kimoja, nunua darubini, 8x42 inatosha (yaani inakuza mara nane, lenzi ya mbele milimita 42), achana na lenzi kubwa ya kamera. Zile za kukuza mara 12 na kuendelea mkono ukitetemeka kidogo picha nzima inacheza, na kwenye kagiza kale hazikusaidii. Ijaribu kwanza huku Dom kwenye mibuyu, mpaka uweze kuinyanyua na kumpata ndege bila kumtafuta, maana msituni anakupa sekunde mbili.