Je, homoni ndiyo siri ya wakimbiaji wa Iten?

SWALI: Daktari, mimi ni msichana, nakimbia kilomita 10, na mazoezi nafanyia Nyali alfajiri. Wenzangu wanasema wa Iten wana homoni inayowafanya watumie oksijeni vizuri kutushinda sisi wa pwani. Ni kweli? Na huku siwezi kuipata? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Dada yangu, homoni wanayoisema ni erithropoietini, EPO kwa kifupi, na wewe pia unayo. Hutoka kwenye figo. Oksijeni ikipungua, figo huimwaga kwa wingi, nayo huuchochea uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu zaidi, zile zinazobeba oksijeni kwenye damu. Iten iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na oksijeni ni kidogo, kwa hiyo EPO hupanda ndani ya saa chache. Damu yenyewe haina haraka hiyo, inataka wiki kadhaa. Kambi ya siku 5 ni utalii tu.

Lakini EPO huongeza oksijeni inayobebwa. Kukimbia kasi ile ile kwa oksijeni kidogo ni habari nyingine: hapo kuna kano, umbo la miguu na miaka ya mazoezi. Homoni za tezi ya shingo nazo hupanga mwili uchome nishati kiasi gani hata umelala. Usipokula vya kutosha hushuka, na hedhi huweza kukatika. Wapo makocha wanaodhani huko ndiko kuiva. Ni njaa hiyo.

Pwani tuna joto. Ukilizoea kwa wiki mbili hivi, homoni ya aldosteroni huzuia chumvi na maji visipotee, majimaji ya damu huongezeka, na kila pigo la moyo husukuma damu zaidi. Mbio za nyika za dunia zilipofanyika hapa Mombasa mwaka 2007, katika joto hili hili, Kenenisa Bekele, bingwa mara 5 mfululizo wa mbio ndefu, alijitoa njiani, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda.

Sindano ya EPO usiiguse. Ni marufuku michezoni, tena huifanya damu nzito hadi ikagandia mishipani.

Kabla ya kutafuta nauli ya Iten, pima hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, na feritini, inayoonyesha akiba ya chuma mwilini. Bila madini ya chuma, EPO haina cha kujengea, na hedhi huyapunguza kila mwezi. Mbaazi za asubuhi zina chuma, ila ukizishushia chai papo hapo kingi hakifyonzwi. Kamulia ndimu, chai ingoje kama saa moja. Najua mahamri bila chai ni adhabu.