Umetoka jela na unajua kuchora? Fanya kazi watu wanakuona

Naandika hii kwa wale waliotoka jela juzijuzi na mkono wao unajua kuchora, hasa vijana wa Kigoma maana huku ndo napajua. Mimi nilifungwa kwa kuvunja nyumba, nikatumikia nikatoka, na sa hivi nakula kwa brashi, mchana nachora mabango ya maduka na majina ya mitumbwi, jioni picha zangu mwenyewe.

Kikubwa kuliko vyote, usijifungie chumbani kuchora. Najua unatamani, unataka utulie ndani utoe picha kali afu watu washangae, lakini mtaani wanakuwaza kivingine kabisa, yani mtu akipotelewa na simu jina lako ndo la kwanza kutajwa hata kama ulikuwa umelala kwa mama yako. Sasa mtu anayeshinda juu ya ngazi pale mtaa wa Mwanga hapa mjini anachora bango, watu wanamwona toka asubuhi mpaka jua linazama, huyo ana mashahidi bila kuwaomba. Kuna siku iliibwa betri ya bajaji mchana kweupe, kijana mmoja akaanza kunitaja, mama muuza mihogo akamkata palepale, "We mtoto, huyu toka asubuhi yuko hapo juu anachora, muache afanye kazi yake." Nilitamani nishuke nimkumbatie. Barua ya utambulisho nayo muhimu, nenda kwa mjumbe na mwenyekiti wa mtaa ujitambulishe mwenyewe, usisubiri waje kukuuliza, lakini barua haiwezi kukusemea kama alivyonisemea yule mama.

Kazi zipo, tena ufukweni Kibirizi zipo nyingi, ila lazima uzijue siku zake. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka wavuvi hawaingii ziwani, mitumbwi inapandishwa mchangani inazibwa, inapigwa rangi. Hapo ndo pako. Tatizo wiki hiyo matajiri wa vyombo wanakuwa hawana hela, so makubaliano na advansi vifanyike mapema kipindi cha giza wakati dagaa wanatoka, ukisubiri mbalamwezi utaambiwa njoo kesho mpaka uchoke. Na jina la chombo sio kazi ndogo. Ubao ukauke kweli, piga msasa, futa vumbi, chora kwa chaki kwanza. Kule mbele ubao unajikunja, ukipima herufi zote sawasawa kwa rula, za kule mbele zinaonekana zimebanana ukizitazama kwa mbali, kwa hiyo achia nafasi zaidi kadiri unavyoelekea mbele, afu rudi nyuma hatua kadhaa utazame kabla hujafungua kopo la rangi. Boti za abiria zinatoka pale zinaenda mpaka Kagunga kule mpakani na Burundi, kila kijiji zinapotia nanga watu wanasoma mwandiko wako, na hakuna anayeuliza ulifungwa miaka mingapi.

Hela ya watu usiishike. Mteja aende mwenyewe dukani anunue rangi na tina, au mwende wote alipe yeye, chenji abaki nayo, rangi ikibaki mrudishie na kopo lake hata kama ni vijiko viwili. Mwingine anaweza kusema nitakuletea risiti akaaminika, sisi bado.

Picha zako nazo usiziache. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora 1968 pale Dar es Salaam, kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za kawaida za dukani, leo mtindo wake unajulikana dunia nzima, kwa hiyo ukosefu wa vifaa usikuzuie. Ila kumbuka pia alivyokufa, mwaka 1972 polisi walimpiga risasi akiwa kwenye gari wakidhani ni mhalifu anakimbia, na hakuwa mwizi. Mimi hilo huwa linaniuma sana. Kwa sisi tuliokwishafungwa naomba sana, usiku usipande gari la washkaji usiojua wanatoka wapi, rudi nyumbani mapema.

Watakuja watu wanataka kukurekodi utoe ushuhuda wa jela. Mi nakataa. Mtu akinunua picha kwa huruma anainunua mara moja tu, aliyeipenda picha yenyewe atarudi na ndugu zake.

Kama umetoka na uko Kigoma, njoo Kibirizi wiki ya mbalamwezi uulize mchora majina, watakuonyesha. Kuna mbao za kupiga msasa, utaanza na hizo, na nalipa jioni hiyohiyo.